Vidonge vya Mama wa Kambo

Jamaa zangu, nawasimulia yaliyoipata nyumba ya kina Deng, kule milimani Sichuan, ili nanyi mkirudi makwenu mjiangalie.

Mavuno yalikuwa yameingia. Bibi Guifen alikaa uani akipukuchua mahindi, na mjukuu wake Hezhi, mtoto wa miaka minne, akijengea magunzi. Suqiong, mkaza mwana wake, alikuwa akitoa kabichi chachu mtungini. Mumewe, Shouren, alikuwa akichanja kuni huku akipiga mluzi. Ndipo daktari wa kijiji alipoingia na pakiti ya vidonge vyeupe. Alisema kila mtoto apewe kimoja kwa wiki, cha kuulinda moyo.

Mikono ya Guifen ikasimama. Suqiong hakuwa mama mzazi wa Hezhi. Mama mzazi alikufa kwa maradhi ya moyo, kama wanawake wengi wa vijiji vile. Shouren akaoa tena huko bondeni, kwenye mashamba ya mpunga. Haukupita mwaka, kaka yake Hezhi akatapika maji ya manjano asubuhi, na jua lilipokuchwa alikuwa maiti. Kijiji kizima kilijua kwamba maradhi hayo yalikuwapo kabla Suqiong hajafika. Guifen naye alijua. Lakini dhana ikishaingia kifuani haisikii hoja.

Daktari alimweleza taratibu kwamba udongo wao ulipungukiwa na seleniamu, madini ambayo mwili huyahitaji kidogo tu. Wao hula mahindi ya shamba lao mwaka mzima, hivyo moyo hudhoofika, ukapanuka na kushindwa kusukuma damu.

"Mimi nimekula mahindi hayohayo hadi nimezeeka," Guifen akasema. "Mbona sijafa?"

Daktari akasema maradhi hayo huwaandama zaidi watoto na wanawake wa umri wa kuzaa. Guifen akarudia mahindi yake. Moyoni alisema: mtoto asiyeumwa apewe dawa, tena kwa mkono wa mama wa kambo!

Tangu siku hiyo akawa mlinzi. Alinusa uji, akaonja mchuzi kabla ya mtoto. Kila Suqiong alipompa Hezhi kidonge, bibi alimwita nyuma ya zizi la nguruwe, akakinga kiganja.

"Tema, mjukuu wangu. Usimwambie mtu."

Mtoto akatema. Ukawa mchezo wao wa siri.

Msimu wa joto ulipofika, Hezhi akaanza kuhema kwa kutembea uani tu. Miguu ikavimba, midomo ikageuka rangi ya samawati. Shouren akambeba mgongoni hadi hospitali ya mjini, mke na mama wakimfuata nyuma.

Daktari wa pale alishangaa. Alisema watoto waliomeza vidonge walikuwa wazima karibu wote. Akauliza kama huyu alimeza. Suqiong akajibu kwamba hakukosa hata wiki moja. Shouren akamgeukia mkewe.

"Ulikuwa unampa nini mwanangu?"

Guifen alilisubiri swali hilo siku nyingi, na sasa lilikuwa limeulizwa.

Muuguzi akaja na kidonge, akamwekea Hezhi mdomoni. Mtoto akamtazama bibi yake, akangoja muuguzi ageuke, kisha akatema kiganjani na kumnyooshea bibi, akitabasamu kidogo kama aliyefanya vizuri.

Guifen akapiga magoti sakafuni.

Hezhi hakufa. Lakini moyo uliopanuka haukurudi kama zamani. Njia ya shule aliipanda akibebwa, na aliyembeba ni Suqiong. Guifen alipomwomba msamaha, Suqiong alikuwa akiosha bakuli, hakuinua macho.

"Mama, ungeniambia tu unachoogopa. Ningevimeza mimi kwanza, mbele yako."

FUNZO

Wazazi wenzangu, maradhi haya yalitoka katika udongo na katika kula chakula cha aina moja. Hayakutoka mkononi mwa mtu. Mkiletewa kinga, ulizeni maswali yote, hata mara kumi, lakini yaulizeni mbele ya mwenye kujibu. Na mkimshuku mtu wa nyumbani, semeni naye. Guifen alimchunga mjukuu wake kwa macho mawili, na aliyemdhuru ni yeye.