Sanduku la Nguo za Baridi

Mwatime alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa: kutaka kujua. Ndiyo maana Jumamosi ile ya Oktoba, katika duka la mitumba la Silver Spring, Marekani, lililofurika watu, aliacha kikapu chake katikati ya njia akamsogelea mwanamume aliyekuwa akijitazama kwenye kioo. Mrefu, mweusi wa kung'aa, shati la mikono mifupi, miguuni makubazi. Juu ya hayo yote amevaa koti refu la rangi ya damu ya mzee, lenye mkanda kiunoni.

"Aa, hapa sasa!" mwanamume akajiambia, akageuka huku na kule.

Kusikia Kiswahili, Mwatime hakuweza kujizuia. "Kaka, hilo koti ni la kike."

Mwanamume akashtuka. "Umejuaje?"

"Vifungo viko kushoto. Tena na mkanda huo! Wataka kwenda nalo wapi?"

"Chuoni, Fairfax. Nimefika Agosti. Leo asubuhi nimetoa moshi mdomoni na sigara sivuti, dada yangu. Nimeogopa."

Mwatime alicheka mpaka akashika rafu. Yeye mtoto wa Mombasa, alikuwa na miaka minne Maryland akilea watoto wa watu kwenye shule ya chekechea, na duka lile alilijua kama jikoni kwake.

"Sikiza," akamwambia, akimvua lile koti. "Usinunue koti moja zito ukadhani umemaliza. Baridi ya hapa yaja kidogo kidogo. Fulana, shati, sweta, kisha jaketi. Jua likitoka wavua moja. Pindua ndani uone bitana. Vuta zipu. Nusa kwapa."

"Ninuse kwapa la mtu nisiyemjua?"

"Bora ulinuse wewe hapa kuliko tulinuse sisi kwenye basi. Na chukua zenye karatasi ya kijani, leo ni nusu bei. Waitwa nani? Watoka wapi? Wasoma nini?"

Aliitwa Khalfan, wa Kondoa, na alikuwa akisomea udongo.

"Udongo! Umevuka bahari yote hiyo kuja kusoma udongo?"

"Na wewe umevuka bahari hiyo hiyo kuja kuninusisha makwapa."

Khalfan alipotoka chumba cha kujaribia, amevaa suruali ya kodrai ya kahawia, sweta la kijivu na skafu shingoni, Mwatime alijikuta anaangalia pembeni. Loh! Mtu alikuwa amependeza.

Basi Jumamosi zikawa zao. Jioni ikawa simu.

"Umevaa nini leo?" Mwatime aliuliza.

"Fulana, shati, sweta, jaketi. Nimekuwa kitunguu."

"Kitunguu changu, usije ukaniliza."

"Thubutu! Nikulize wewe, nitasemeshwa na nani tena?"

Simu hizo Mwatime alizipiga mlango wa chumba umefungwa, maana alikuwa akikaa na khaleti yake Bi Zainab, mdogo wa mamake, na Bi Zainab hakuambiwa lolote. Khalfan naye alikuwa na siri yake. Aligundua kwamba kila Jumamosi Mwatime huwavalisha wengine. Mwenyewe hushika sweta, akaliweka shavuni, akalirudisha. Fedha zake zilikuwa za wadogo zake Mombasa. Na lile koti lake la pekee bitana ilikuwa imechanika mpaka mkono ukipita unapotea.

Ijumaa moja ya Novemba, Mwatime alirudi kutoka kazini akakuta viatu vya kike vimejaa mlangoni na udi unafuka. Bi Zainab akamrukia.

"Mnyamavu wewe! Kumbe una mtu! Kijana kaja na kanzu yake safi, kaja na mwenzake Nabil yule wa Unguja, kanipa mkono kwa adabu, kaacha sanduku hilo hapo. Haraka walikuwa nayo, hata chai hawakunywa."

Kwao Mwatime, mwanamume hapeleki sanduku la nguo nyumbani kwa mwanamke ovyo ovyo. Hilo ndilo sanduku la harusi. Nguo mpya tupu, na wanawake huitwa walifungue, kila nguo ikainuliwa ionekane. Khalfan! Bila kumwambia! Furaha ilimpanda hadi akakosa pa kuweka mikono.

Vigelegele vikapigwa. Sanduku likafunguliwa. Likainuliwa sweta la kahawia, viwiko vimeanza kukwajuka. Ikainuliwa sketi ya sufu, viatu vya ngozi vilivyong'arishwa, skafu ya maua. Mwatime alizitambua zote. Zilikuwa zile alizozishika akazirudisha, Jumamosi baada ya Jumamosi, sasa zimefuliwa na kupigwa pasi. Mwishowe likainuka koti la kijani, na kwenye mkono wake karatasi ya duka bado inaning'inia.

"Mitumba?" mama mmoja akauliza, polepole.

Bi Zainab alikaa chini. "Mwanangu analetewa mitumba," akasema, "mbele za watu."

Mwatime alikimbilia chumbani akashika simu.

"Khalfan, umekuja kuniposa?"

"Kukuposa? Hapana! Hapana jamani, nani kasema? Nimekuletea nguo za baridi tu!"

"Na ile kanzu?"

"Si nimetoka msikitini!"

"Na Nabil?"

"Nabil ndiye mwenye gari!"

Siku nyingine angecheka akagaagaa. Lakini zile hapana mbili, na upesi ule, vilimchoma. Kumbe yeye ndiye aliyekuwa akitaka, peke yake.

"Haya, nimesikia," akasema, akakata simu, akalia mpaka kope zikavimba.

Kesho yake Bi Zainab alimwita Nabil aje alichukue sanduku. Simu ililia wiki nzima na Mwatime hakuipokea. Alikwenda kazini na koti lake lile lile, upepo ukimpenya mbavuni, na kila mara akijiuliza: kama hanitaki, mbona alikumbuka kila nguo?

Jumapili, Bi Zainab ndiye aliyeipokea simu. Walizungumza kirefu, mlango umefungwa. Alasiri Khalfan akaingia na Nabil, mikono mitupu, macho mekundu.

"Shikamoo mama," akasema. "Nimekuja kuomba radhi. Kwetu Kondoa posa huenda na mbuzi. Sanduku ni la kusafiria tu. Nabil kanieleza juzi."

"Mimi nilijua tunaposa!" Nabil akadakia. "Hata kofia nilivaa ya Idi."

"Na hao mbuzi ungewapandisha lifti?" Bi Zainab akauliza, midomo imekazwa asicheke. "Haya, lililobaki?"

"Lililobaki, namtaka Mwatime. Kama mwenyewe ananitaka."

Bi Zainab akamgeukia mpwa wake. Mwatime kimya, macho chini. Kwa desturi, mwari akinyamaza amekubali, na Bi Zainab alishavuta pumzi ya kigelegele.

"Ngoja, khaleti. Sijakubali. Nina swali." Akainua uso. "Nilipokuuliza ulisema hapana, tena upesi. Kwa nini?"

"Niliogopa. Nilijipangia nimalize masomo kwanza, nipate kazi, ndipo nithubutu kukwambia. Ukaniuliza ghafla, nikajiona kama nimefumaniwa. Sikusema hapana ya kukukataa, Mwatime. Nakupenda. Wiki hii nzima sikulala."

"Na masomo yaisha lini?"

"Miaka miwili."

"Ulitaka kunyamaza miaka miwili?"

"Ndiyo."

"Mjinga wewe," Mwatime akasema, na machozi yakamtoka tena, ila haya alikuwa akicheka nayo. "Nakutaka. Nakutaka hivyo hivyo, na udongo wako."

Kigelegele cha Bi Zainab kilisikika mpaka kwa jirani. Alipomaliza alijifuta uso kwa leso. "Basi sasa mwanangu ataletewa sanduku la heshima. Nguo mpya, za dukani."

"Zitakuja mama, nikijaaliwa," Khalfan akajibu.

"Za harusi zitangoja harusi," Mwatime akasema. "Lile jingine liko wapi?"

"Kwenye gari," Nabil akasema. "Wiki nzima."

"Lilete, kaka. Nasikia baridi."