Hodi Kutoka Ngamani

Waungwana mliokusanyika, wake kwa waume, nawaamkua kwa heshima. Sogeeni, habari hii haipendi sauti kubwa.

Alasiri moja, Kilwa Masoko, Zakia mkaguzi wa vyombo vya majini alimwacha mamaye kipofu nyumbani, akaenda kukagua merikebu ya matanga iliyoundwa ughaibuni. Bahari ilikuwa imeitupa mwambani bila mtu ndani. Mzee Kibwana aliinasua, akaitengeneza miaka miwili. Sasa aliiombea usajili wa nchini, kwani bila cheti isingeshuka majini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Vua viatu. Chombo ni nyumba."

"Nyumba gani isiyo na jiko?" Zakia alitania.

Mzee hakucheka.

Ilibaki kuthibitisha namba iliyochongwa kwenye boriti kuu. Zakia akashuka ngamani, chini ya sitaha, peke yake na tochi. Mbao zilikuwa mpya, lakini harufu... harufu ya nguo zilizoozea majini. Namba akaiona. Akatia saini cheti papo hapo. Merikebu ikawa ya hapa.

Ngo... ngo... ngo...

Nyuma ya mbao.

"Hodi," ikasema sauti yenye lafudhi ngeni, kwa adabu kubwa.

Na Zakia, aliyelelewa vyema, aliitika kabla ya kufikiri.

"Karibu."

Ubaridi ukampita usoni. Kisha mwingine. Kisha mwingine... Mara saba. Akapanda ngazi mbio.

Juu alimkuta Kibwana, jasho likimtoka. "Umewaitikia?" alinong'ona.

"Kina nani?"

"Mabaharia wake. Tangu tuinasue wanabisha hodi. Mafundi niliwakataza kuitika. Anayewakaribisha ndiye mwenyeji wao."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungeshuka?" Akakipokea cheti kwa mikono miwili. "Nisamehe, mwanangu. Nami nina wajukuu."

Mama!

Zakia akadandia bodaboda, akimhimiza dereva njia nzima.

Alimkuta mama ukumbini, ametandika mkeka mkubwa, uso umemchanua.

"Wageni wako wametangulia. Watu wa adabu! Wote saba wamenipa mkono. Ila wamelowa, mwanangu... wape taulo."

Mkekani hapakuwa na mtu.

Maji ya chumvi yalichuruzika hadi mlangoni.

Aliyenihadithia haya kwanza ni mama huyo mwenyewe, Bi Saida. Kila baada ya maneno machache alinyamaza, akiwapisha wageni wake waseme.