Ng'ombe Hashibi Maji

Kila asubuhi Tereza hukamua ng'ombe kabla jua halijachomoza. Zamani alikuwa akijaza ndoo. Mwaka ule alipata kikombe tu, na chenyewe hakikujaa.

Mumewe, Mihayo, alisimama kwenye lango la zizi. Nusu ya kundi lake ilikuwa imekufa kwa njaa. Waliobaki ungeweza kuhesabu mbavu zao.

"Mama Hellen," alisema, "nitavumilia mvua hizi tu. Kiangazi kikiingia ninahama. Nitawapeleka ng'ombe Katavi. Nasikia kule kuna majani."

"Na sisi?"

"Nyinyi mtabaki na shamba."

Tereza aliwajua wanaume wa kijijini waliokwenda Katavi na mifugo. Wengine walirudi. Wengine sasa wana familia nyingine huko. Aliogopa sana.

Kijiji chao kiko wilayani Magu, kando ya Ziwa Victoria. Maji yapo, lakini ng'ombe hashibi maji. Siku hizi mvua za vuli huchelewa. Zikija, hunyesha kwa fujo na kusomba udongo hadi ziwani. Miti ilikwisha kukatwa kwa ajili ya mkaa, na malisho yamebaki vumbi.

Tereza alikuwa mwenyekiti wa kamati ya mazingira ya kijiji. Walimchagua kwa sababu ana sauti, na sauti anayo kweli! Vuli ilipoanza, aliitisha mkutano ofisi ya kijiji, saa tatu asubuhi. Waliokuja walipiga makofi. Wakakubaliana kupanda miche kwenye mbuga ya malisho, na wakaipanda. Wiki haikuisha, ng'ombe wakaila yote. Tereza alilia kwa hasira.

Kokulinda, afisa misitu, alikuja kuitazama miche hiyo. Alikuta vishimo vitupu.

"Watu wa hapa hawafundishiki," Tereza alimwambia.

"Pole, dada. Mkutano wenu ulikuwa saa ngapi?"

"Saa tatu asubuhi."

"Saa tatu wafugaji wanakuwa wapi?"

Saa tatu wafugaji wote wako machungani. Hata mumewe hakuwepo mkutanoni. Tereza alikuwa amepanga mambo ya malisho bila wenye mifugo, kisha akawaita wabishi.

Kokulinda alichuchumaa kando ya kisiki cha mgunga. Pembeni yake palikuwa na machipukizi yaliyotafunwa na ng'ombe.

"Hiki hakijafa," alisema. "Mizizi yake imekwenda chini sana. Mche mchanga unataka kumwagiliwa, lakini kisiki kinataka kuachwa tu. Zuieni ng'ombe wasiingie wakati wa mvua. Majani yatarudi. Kisha kwenye kila kisiki bakizeni machipukizi mawili au matatu yenye nguvu, mengine mkate. Yatakuwa miti. Nyinyi Wasukuma mna jina la eneo la namna hiyo."

"Ngitili," alisema Tereza. Bibi yake aliwahi kuwa nayo. Malisho hufungwa wakati wa mvua, hufunguliwa kiangazi kikikaza.

"Sasa mimi Mhaya nikufundishe nini?" Kokulinda alitania. Kisha uso wake ukabadilika. "Joto hili limeletwa na moshi wa viwanda na magari ya dunia nzima. Moshi huo hatuwezi kuuzima kutoka Magu. Lakini ardhi yenye majani hushika maji, na miti huzuia upepo na jua kali. Hilo mnaliweza. Waulize wenye ng'ombe. Wafuate walipo, saa wanayokuwepo."

Siku iliyofuata Tereza alikwenda ufukweni mchana. Saa hiyo ng'ombe wa kijiji hushuka kunywa maji, na wenyewe hukaa wakiwasubiri. Mzee Ndalahwa, mwenye kundi kubwa kuliko wote, alimwona akija.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umetuletea miche mingine? Ng'ombe wangu waliipenda."

Watu wakacheka. Tereza naye akacheka, ingawa maneno hayo yalimuuma.

"Nimekuja kuuliza," alisema. "Niliwakosea. Nilipanda kwenye malisho yenu bila kuwaambia. Tukitaka kufunga ngitili, tufunge upande gani?"

Walibishana sana. Mzee Ndalahwa alitaja upande wa kilima. Wengine walikataa, kwa sababu ng'ombe hupita huko kushuka ziwani. Peke yake Tereza asingelijua hilo. Mwishowe walichagua bondeni. Adhabu waliiweka wenyewe: mwenye ng'ombe atakayeingia atatoa mbuzi, aliwe na walinzi wa ngitili. Mihayo naye alinyoosha mkono kukubali.

Masika ikapita. Ndani ya ngitili majani yalifika magotini. Nje, malisho yakaanza kuisha.

Asubuhi moja Tereza alikuta ng'ombe ndani ya ngitili. Alikuwa ng'ombe wao. Mihayo alisimama kando yake.

"Ana mimba, na anakufa kwa njaa," alisema kwa sauti ndogo. "Hakuna aliyeona."

"Mimi nimeona, Baba Hellen."

"Wewe ni mke wangu."

Machozi yalimlengalenga Tereza. Akisema, mumewe angeweza kuondoka kesho yake. Akinyamaza, ngitili imekwisha.

"Wetu akila leo, kesho wataingia wote," alisema. "Hapo hata mimi nitakuambia uende Katavi. Mtoe. Mchana nitasema mbele ya watu."

Mihayo alimtoa ng'ombe bila kumtazama mkewe.

Mchana ulipofika, Tereza alisimama ufukweni. Kabla hajafungua kinywa, Mihayo alitokea akivuta mbuzi kwa kamba.

"Ng'ombe wangu ameingia ngitili," alisema. "Hakutoroka. Nilimwingiza mwenyewe. Mbuzi huyu hapa."

Hakuna aliyecheka. Mzee Ndalahwa alipokea ile kamba. Kisha akasema, "Ng'ombe mwenye mimba akatiwe majani kwa mundu, apelekewe zizini. Wa mtu yeyote, si wa Mihayo tu." Wote wakakubali. Tangu siku hiyo hakuna aliyeingiza ng'ombe kwa siri.

Kiangazi kilipokaza, ngitili ilifunguliwa. Ng'ombe wachache waliozeeka walikufa. Waliobaki walikula, wakasimama.

Jioni moja vijana wawili walipita kwa Mihayo. "Kaka, kesho tunaondoka kwenda Katavi. Tunakupitia saa ngapi?"

"Nendeni salama," Mihayo alijibu. "Mimi kesho nina zamu ya kupunguza machipukizi ngitilini."

Tereza alimsikia akiwa jikoni. Alikaa chini, akalia kwa furaha.