Sifuri ya Nyamizi

Bi Kalunde anashikilia hadi leo kwamba ile taa iliwaka yenyewe. Ilikuwa taa ndefu ya mrija, ya kizamani, imekufa miaka na miaka, haina waya wala kishikio. Alikuwa ameilaza juu ya kabati kwa sababu ni mtu asiyetupa kitu. Anasema aliingia chumbani adhuhuri kuchukua ungo, madirisha yamefungwa, akaikuta taa inang'aa weupe wa maziwa. Akaishika. Akaisogeza upande wa uzio ulio nyuma ya nyumba, ikazidi. Akairudisha upande wa mlango, ikafifia. Ndipo akakimbia nayo uani kuwaita watu, na huko kwenye jua kali nani angeona mwanga wa taa? Walichoona ni mama mtu mzima amekumbatia mrija wa kioo mchana kweupe.

Mtaa mzima wa Uzioni ulicheka. Wakasema Bi Kalunde kaposwa na jini la umeme, atuletee mahari tugawane.

Nyamizi, fundi jirani yake, hakucheka. Alikuwa mlangoni pake, chuma cha kulehemu mkononi, akimtazama yule mama anavyoishika taa kwa ncha za vidole kama mtu aliyebeba mtoto wa mwenzake.

Miaka hiyo Tabora ilikuwa inaishi kwa Kioo. Juu kabisa, nje ya hewa, kilining'inia kioo kikubwa kuliko mji, kinakusanya jua na kuligeuza mawimbi yasiyoonekana. Mawimbi hayo yalishushwa kwenye uwanja wa nyaya nyuma ya uzio, na kutoka uwanjani yakarushwa hadi kwenye mabakuli ya chuma yaliyokaa juu ya mapaa. Bakuli lilikunywa mawimbi, nyumba ikapata umeme. Waya hakuna, nguzo hakuna. Treni zilikwenda, roboti zilifagia barabara, mitambo ilikausha tumbaku bila gogo moja la kuni. Waliokaa Uzioni walipewa umeme bure, na ukiwauliza kwa nini wao tu, walikujibu kwamba Mungu hamtupi mja wake.

Ila macho. Mjukuu wa Bi Kalunde, Milembe, alikuwa na ukungu kwenye jicho la kushoto. Zahanati ya Shirika la Kioo ilisema ni vumbi. Bi Kalunde aliuliza ni vumbi gani hilo linaloingia jicho na halitoki kwa maji, akapewa dawa ya matone, akarudi nyumbani.

Jioni ileile ya taa alikwenda kwa Nyamizi. Hakukaa hata kwenye kigoda. "Wewe una vile vyombo vya wazee," alisema. "Nipimie mawimbi nyumbani kwangu, mwanangu. Wakinicheka tena wanicheke na jibu mkononi."

Nyamizi aliishia darasa la saba. Kazi aliifundishwa na mjomba wake, marehemu, na ilikuwa kazi ya ajabu kidogo: kufufua vipimo vya umeme vya kale, vile vya valvu, taa ndogo za kioo ambazo hupata moto ndani yake ndipo chombo kifanye kazi. Matajiri wa miji mikubwa walivinunua kupamba sebule. Hawakuvitumia. Walipenda tu kuona vinawaka rangi ya chungwa wageni wakija.

Kwenye rafu alikuwa na kimoja kilichotumiwa zamani na mafundi wa redio kupimia nguvu ya mawimbi. Hakikuwa na akili unde ndani yake, na hapo ndipo ilipokuwa thamani yake. Kila kipimo cha kisasa kilichukua hesabu zake kutoka Kioo chenyewe. Ukikiuliza kama Kioo kinavuja, unamuuliza mshtakiwa kama kaiba. Hiki cha valvu kilikuwa na mshale tu, na mshale haujui kumwogopa mtu.

Alikifungua. Panya walikuwa wamezaa ndani. Kapasita za karatasi, vile vijipipa vya kutunza umeme, zilikuwa zimetokwa na nta kama kidonda. Akazikata, akaweka nzima. Akasugua miguu ya valvu hadi ikang'aa. Hakukipa umeme wote kwa mpigo, maana chombo kilicholala muda mrefu ukikiamsha kwa pupa kinaungua. Alikipitishia umeme kwenye balbu ya kizamani, alivyofundishwa: balbu ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, kuna mahali nyaya zimegusana, zima. Balbu ilimulika, ikafifia, ikatulia. Chombo kilikuwa hai.

Akakiacha kipate moto huku akinywa uji, kisha akazungusha kifundo hadi mshale ukalala kwenye sifuri. Hiyo ndiyo kanuni: kabla hujapima kitu, kionyeshe chombo mahali pasipo na kitu. Alikionyesha pale pale, mezani pake, chumba cha ndani, mbali na dirisha.

Kwa Bi Kalunde mshale ulipanda hadi katikati. Waliocheka wakasogea kuuona. Nyamizi alikirudisha kwake, mshale ukalala tena kwenye sifuri, na hapo watu wakaelewa, au wakadhani wameelewa. Nyumba ya Nyamizi ilikuwa salama. Ina mwembe, wengine wakasema. Ina kuta nene, wengine wakasema. Milembe akaletewa godoro. Wakafuata watoto wa nyumba ya pili, na wa tatu, hadi chumba cha ndani kikawa kama bweni. Nyamizi aliwapikia, akawaimbia. Ilikuwa mara ya kwanza mtaa huo kumsikiliza, na alilala akitabasamu.

Kaka yake Bi Kalunde, Maganga, mrina asali wa msitu wa Sikonge, alituma ujumbe: mleteni mtoto huku, Kioo hakifiki. Bi Kalunde alimwendea Nyamizi kumwomba shauri. Nyamizi akamwonyesha mshale. Ampeleke mtoto msituni kwa nini, na sifuri hii hapa?

Shirika nalo lilisikia. Akaja Mhandisi Lugome, kijana wa adabu, viatu amevivua mlangoni bila kuambiwa. Kipimo chake cha kiganjani kilisema pote ni salama, na mwenyewe hakukitazama sana. Alikizunguka chombo cha valvu, akakisifu, kisha akauliza, "Dada, sifuri umeiwekea wapi?"

"Hapahapa mezani."

Lugome aliwatazama watoto waliokuwa wakicheza bao kwenye godoro. Kisha akautazama mshale uliolala. "Basi usikihangaishe," alisema. "Kiache hapohapo." Akavaa viatu vyake akaenda. Nyamizi aliwahadithia watu kwamba mhandisi kakosa la kusema.

Mvua zilipokwisha, Maganga aliomba apimiwe mahali pa kutundika mizinga, kwa kuwa nyuki wa karibu na mji walikuwa wamehama. Nyamizi akabeba chombo na betri, akaenda. Huko msituni, chini ya mizinga, alikiwasha akakisubiri kipate moto.

Mshale ulikwenda kushoto. Ukapita sifuri, ukashuka hadi ukagota kwenye kizuizi chake, ukatulia pale.

Alikigonga. Akachomoa valvu, akazirudisha. Akasubiri tena. Maganga, aliyekuwa anafukiza mzinga, aliuliza kama kimeharibika. Nyamizi alisema labda. Kisha akaacha kukigusa. Chombo kilikuwa kizima. Kilikuwa kinamwambia tu kwamba hapa ndipo pasipo na kitu, na kwamba kule mezani pake, alipokifundisha kuita sifuri, hapajawahi kuwa hivyo.

Maganga alimuuliza mtoto anaendeleaje. Nyamizi alijibu kwamba wiki iliyopita ukungu umeingia na jicho la kulia.

Aliweka sifuri upya pale msituni, akarudi nacho bila kukizima, amekipakata. Treni ilipoukaribia mji mshale ulianza kuinuka. Hakuutazama tena hadi alipokiweka juu ya meza yake.

Bi Kalunde alimkuta amesimama. Watoto walikuwa shule. Magodoro yamekunjwa ukutani. Mshale ulikuwa umepita katikati. Nyamizi alimweleza yote, taratibu, na hakujitetea. Alimweleza na swali la Lugome.

Yule mama aliketi juu ya godoro la Milembe. Akautazama mshale.

"Nilimkatalia kaka yangu," alisema. "Kwa maneno yako."

"Najua, mama."

"Na wenzangu niliwaleta mimi. Mlango kwa mlango niliwaambia, pelekeni kwa Nyamizi." Alinyanyuka, akasogea mezani. "Kirudishe."

"Bi Kalunde..."

"Watoto wanatoka shule sasa hivi na mama zao. Nakuomba, mwanangu. Kizungushe kifundo kirudi pale kilipokuwa, wasiuone mshale huu."

Nje zilisikika sauti za watoto zikikaribia. Nyamizi alikuwa ameshaweka kidole juu ya kifundo. Kilikuwa bado cha moto.