Mkaa Unaokula Rangi

Kwa Zuwena, pale Kigombe, sufuria la rangi halipoi. Asubuhi anachemsha ukindu mwekundu, mchana wa zambarau, na mumewe Miraji anauanika uani. Mikeka yao inatafutwa mpaka Tanga mjini. Raha tupu! Ila maji ya rangi waliyamwaga mtaroni, na mtaro unapita kando ya kisima cha jirani.

Ijumaa moja jirani huyo, Mzee Mwinyijuma, akapiga hodi. Kanzu yake nyeupe, iliyofuliwa kwa maji ya kisima chake, imekuwa ya waridi, toka shingoni mpaka pindoni.

"Shikamoo, mzee," alisema Zuwena, akijiuma mdomo asicheke.

"Marahaba. Cheka tu, mwanangu. Lakini mwenyekiti wa kijiji kasema, maji haya yasipotakata, kazi yako anaifunga."

Kicheko kikamkauka Zuwena. Kazi ile ndiyo riziki yao.

Miraji alishasikia kwamba mkaa husafisha maji. Akajaza pipa mkaa wa kupikia. "Mkaa ni mkaa," alisema, kifua mbele. Wakamimina. Loo! Maji yaliingia mekundu, yakatoka mekundu na masizi juu yake. Zuwena alicheka mpaka akakaa chini, kisha machozi yakamlenga.

Kesho yake akamwita Yudith, mtaalamu wa maji kutoka Muheza.

"Umejitahidi, shemeji Miraji," alisema Yudith. "Ila mkaa wa jikoni haunasi rangi vizuri. Huu wangu ni wa vifuu vya nazi, umepitishwa kiwandani kwenye mvuke mkali sana. Kila punje ina vitundu visivyoonekana kwa macho. Rangi inanasa humo."

"Ghali?" aliuliza Zuwena.

"Pipa si ghali. Kinachokula pesa ni kubadilisha mkaa kila mara. Kwa hiyo usiuchoshe bure. Nyekundu iliyobaki, itumie kwenye zambarau. Ya kumwaga ipoe, itulie, ipite kwenye mchanga, uchafu ubaki huko."

"Halafu?"

"Mapipa mawili ya mkaa, yafuatane. Maji yapite polepole. La kwanza likianza kuvujisha rangi, la pili bado linakinga. Hapo badilisha mkaa wa la kwanza tu, kisha lihamie nyuma. Mkaa uliochoka weka guniani, urudi kiwandani. Lakini tujaribu kwanza kwenye chupa, tujue rangi yako inataka mkaa kiasi gani."

Wakajaribu, wakapima, wakafunga mapipa.

Mwenyekiti akaja mwenyewe. Zuwena, roho mkononi, akafungulia koki. Bilauri ikajaa maji meupe.

"Haya umeyateka bombani," alisema mwenyekiti.

"Wallahi, ni yale mekundu ya asubuhi!"

Mwenyekiti akainua bilauri mdomoni. Yudith akamdaka mkono. "Si ya kunywa, mwenyekiti! Rangi imetoka, lakini hatujapima mengine."

Mwenyekiti akacheka, akaitua bilauri. "Haya, mama. Washa moto wako."

Zuwena akapiga kigelegele, na Miraji alishakimbilia kuni.