Chupa ya Dawa ya Kuku

"Hivi mjukuu wangu, sumu isiyoonekana wala kunuka, wataipimaje?" jirani alimuuliza Chiriku alipomkuta kisimani akijaza chupa ya kupeleka maabara.

Jirani huyo alikuwa mkulima wa mboga. Walimwita Mzee Bomba, maana bomba la kunyunyizia dawa halikumtoka mgongoni. Watu walinong'ona kuwa dawa zake zimeingia kisimani. Ikithibitika, shamba lake lingefungwa.

Chiriku alipewa jina hilo kwa kuongea kutwa, lakini siku hiyo alijibu tu, "Sijui, babu." Chupa ya maabara ilikuwa imemponyoka ikavunjika. Alikuwa amechukua nyingine nyumbani, akaisuuza mara moja, na hiyo ndiyo aliyokuwa akijaza.

Baada ya wiki, mpimaji wa maabara aliwaita Mzee Bomba, Chiriku na mama yake.

"Maji yana sumu," alisema.

Mzee Bomba akavua kofia. "Basi ndiyo nimekwisha."

"Subiri, mzee. Mashine yetu ni mizani ya vitu vidogo mno. Inazitia chembe chaji ya umeme, inazirusha mahali pasipo na hewa, nyepesi na nzito zinaachana. Kisha inazivunja na kupima vipande vyake." Akaweka karatasi mbili zenye mistari. "Hii ni mistari ya dawa ya mboga zako; hii ni ya maji. Dawa yako haimo. Iliyomo ni dawa ya utitiri wa kuku."

"Kuku? Mimi sina hata unyoya!"

Mama akamgeukia binti yake. "Chiriku, mbona leo umemeza ulimi?"

Chiriku akaanza kulia. Akasema yote: chupa iliyovunjika, na ile aliyoiokota kwenye banda la kuku, iliyowahi kuwa na dawa.

Mpimaji alikwenda kuchota maji mwenyewe. Siku ya tatu akaleta majibu nyumbani kwa kina Chiriku, Mzee Bomba akiwepo. Kisima kilikuwa safi.

"Mashine imeona tusichokiona," mama alisema, "lakini chupa imetoka wapi, ulijua wewe na Mungu wako tu. Kuvunja chupa si dhambi, mwanangu. Kunyamaza wiki nzima jirani akisemwa, hapo ndipo ulipokosa. Ukikosea, sema siku hiyohiyo."

"Nisamehe, babu," Chiriku alisema.

Mzee Bomba aliitazama karatasi, akamtazama mtoto. Akainama, akaokota ndoo yao tupu pale mlangoni, akatoka kwenda kuwachotea maji kisimani.