Uzito wa Mtoto Asiyepimwa

Lifti ilijaa watu wanaowahi kazini. Ikatikisika, ikakwama kati ya ghorofa mbili, taa zikazimika. Binti mmoja, gauni lake la bluu limepigwa pasi hadi linasimama, alijikuta ameng'ang'ania mkono wa shati la mtu asiyemjua.

"Shati jipya hilo, dada," sauti ilisema gizani. "Lakini shika tu."

"Samahani, kaka. Naogopa."

"Basi tuongee. Unakwenda wapi?"

"Juu kabisa. Naanza kazi leo, kuandika programu za hospitali. Na lugha wanayoandikia siijui! Watanifukuza kabla ya chakula cha mchana."

Mtu yule akacheka. "Hawakufukuzi. Mimi ndiye wa kukufundisha."

Kazini walimwita Profesa. Yeye akampa binti jina la Mgeni. Kila siku Mgeni alimfuata na maswali, akiyauliza kwa sauti ya chini wenzake wasije wakamwona mbumbumbu.

"Katika lugha hii, namba ukishaiweka haibadiliki. Sasa mgonjwa akinenepa nafanyaje?"

"Unatengeneza rekodi mpya yenye uzito mpya. Ya zamani inabaki ilivyo, hakuna wa kuichezea ukigeuka."

"Lugha ina wivu kama wewe."

"Wivu wangu umeuona wapi, mpenzi?"

Neno lilimponyoka. Wote wawili wakaangalia kioo cha kompyuta, mashavu yakiwaka. Tangu hapo simu zao zikawa haziishi.

Hospitali ikaanza kuijaribu programu. Asubuhi moja Mgeni alikuta sehemu aliyoiandika, ya kukokotoa dozi za watoto, imeondolewa. Aliyeiondoa ni Profesa. Profesa akampigia simu, akapiga tena. Hakupokea. "Kumbe ananichekea huku ananichimba," aliwaza, machozi yakimlenga.

Kisha bosi, mama asiye na utani, akamwita na kufunga mlango.

"Muuguzi amepiga simu. Mtoto wa degedege hakuwa amepimwa uzito, programu ikasema apewe dozi sifuri. Bahati muuguzi alishtuka. Profesa anasema kosa ni lake, nimemsimamisha kazi."

Sifuri ile Mgeni ndiye aliyeiweka mahali pa uzito usiojulikana, kama alivyozoea kwenye lugha nyingine. Alitaka kuuliza kama ni sawa, akaona haya. Akinyamaza sasa, kazi inabaki, na wadogo zake wote wanamtegemea.

"Mama, niliyekosea ni mimi," alisema. "Yeye aliipitia tu."

Bosi alimkazia macho hadi akadhani atazimia. "Nenda kamlete. Mtarekebisha pamoja, na kila mstari nitaukagua mwenyewe."

Mama yake Profesa ndiye aliyefungua mlango. "Karibu, mwanangu. Tangu arudi hataki kula."

Profesa alikuwa uani, fulana imekunjamana, macho mekundu.

"Kwa nini hukuniambia?" Mgeni aliuliza.

"Ulipokea simu?"

"Nilidhani umenigeuka."

"Nilikuwa naogopa, Mgeni. Mtoto wa dada yangu ana degedege. Niliposikia ile habari nilimfikiria yeye. Nikaiondoa kwanza, maneno baadaye."

Mgeni akaketi karibu yake. "Bosi nimemwambia ukweli, anatuita turekebishe pamoja. Uzito usipokuwepo, niandike nini?"

"Andika kwamba haujulikani. Hapo lugha inakubana, huwezi kukokotoa dozi mpaka useme cha kufanya."

"Tumwambie muuguzi ampime mtoto, au amwite daktari."

"Hapo umenena."

"Nina swali jingine. Hili linaniogopesha zaidi." Alimgeukia. "Ukinioa, utanivumilia?"

"Mpaka unichoke wewe, mpenzi."

"Semeni kwa sauti jamani," mama akadakia mlangoni, "masikio yangu yamezeeka!"

Siku programu ilipowashwa upya, simu ya bosi ikalia. Hospitali. Mgeni na Profesa wakashikana mikono chini ya meza. Bosi alisikiliza, uso wake hausomeki. Akakata simu.

"Mtoto mwingine," alisema. "Programu iligoma kutoa dozi bila uzito, wakampima. Amepewa dawa, sasa amelala."

Mgeni aliinamisha kichwa begani kwa Profesa, mbele ya ofisi nzima, akalia.